Kanga wa Shilingi Sita

Mitaa ya Kileleshwa na Lavington jijini Nairobi huamshwa na kwarara. Kabla jua halijachomoza vizuri, ndege hao wa rangi ya majivu, wenye mng'ao wa kijani mabawani, huondoka kwenye miti waliyolala na kupita juu ya mapaa ya magorofa wakipayuka kwa sauti isiyozuiwa na pazia wala dirisha. Baada ya muda mfupi utawaona wameshuka kwenye nyasi, midomo yao mirefu iliyopinda ikichokoa udongo kutafuta minyoo na wadudu. Waingereza walimpa jina la kuigiza mlio wake, hadada. Waswahili humwita kwarara, na ukilikwaruza neno hilo kooni kidogo utamsikia ndege mwenyewe.

Kwarara huyo ninaye pia kwenye albamu. Yuko kwenye stempu ya shilingi 100, ya bei ya juu kuliko zote katika seti ya ndege ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 1993. Niliipata kwenye bahasha ya kaki iliyokuwa inakwenda kutupwa. Nilikata kipande chenye stempu, nikaacha ukingo wa upana wa kidole, nikakitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, picha ikitazama juu. Hapo haraka haina baraka kweli kweli. Ukiivuta stempu kabla ya wakati wake unaichana mgongo. Ukingoja robo saa hivi, gundi hulainika na stempu huteleza yenyewe ikaacha karatasi. Niliinyanyua kwa kibano, nikailaza kifudifudi kati ya kurasa za gazeti kuukuu, nikaweka kitabu kizito juu yake usiku kucha. Asubuhi kwarara alikuwa amenyooka, muhuri wa posta umempitia mgongoni, na vijino vya pembeni vyote vimetimia.

Nikachukua kioo cha kukuzia nikamkagua kuanzia mdomo hadi miguu. Mchoraji hakumpunja: ule mng'ao wa bawa upo. Nchi imetajwa, bei imetajwa. Jina la Kiswahili halimo.

Tangu siku hiyo nimezipitia upya stempu zangu zote za ndege wa Afrika Mashariki kwa swali moja tu: kila mila inapomchukua ndege wa porini na kumchapisha, inamwita nani? Majibu yanatofautiana kuliko nilivyotarajia, na kulinganisha kwenyewe kunaanzia mahali ambapo wakusanyaji wa stempu hawapatazami: kwenye leso.

Karne ya 19 ilipokuwa ikielekea ukingoni, pwani yetu ilizoea vitu viwili vilivyochapishwa vyenye mipaka minne. Kimoja ni stempu: mwaka 1890 Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutumia stempu zake, kwanza zile za Uingereza zilizopigwa chapa ya jina la kampuni juu yake. Cha pili ni kanga, ambayo Mombasa na Nairobi tunaiita leso. Kanga ina sehemu tatu zinazojulikana na kila anayeivaa: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa chini ya mji. Ukiitazama stempu kwa macho hayo utaona ni ndugu yake mdogo. Ina ukingo wake, ina picha katikati, ina maandishi. Hata namna ya kuzihifadhi inafanana: msafi wa leso huzikunja jozi kwa jozi asiruhusu pindo livunjike, na msafi wa stempu haishiki kwa vidole.

Tofauti iko kwenye jina. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na ambalo chapa yake ya "Mali ya Abdulla" inafahamika pwani nzima, lilichangia pakubwa kuifanya leso kuwa kitu kinachosema. Misemo ilichapishwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi, lakini lugha ilikuwa ya wavaaji wenyewe. Mwanamke akiingia dukani Biashara Street huikunjua leso na kusoma jina kabla hajauliza bei. Rangi ikimpendeza na jina lisimfae, anairudisha. Leso isiyo na jina inaweza kufunika mwili, ila haipelekwi kwa wifi kama ujumbe.

Na hilo vazi lenyewe limeitwa kanga kwa sababu ya ndege. Wazee husimulia kwamba vitambaa vya mwanzo vilikuwa vyeusi vyenye madoa meupe, na walioviona wakakumbuka manyoya ya kanga wa porini. Haya, fungua sasa albamu kwenye seti ile ile ya 1993, utafute stempu ya shilingi 6. Yumo kanga wa nyika za kaskazini, yule wa Samburu mwenye kichwa kitupu kama cha tumbusi, manyoya marefu ya michirizi shingoni na kifua cha buluu inayowaka. Ndege aliyelipa vazi la Waswahili jina lake amewekwa kwenye karatasi ya taifa lenye Kiswahili kama lugha ya taifa, na hakuitwa kanga. Nimeitazama stempu hiyo mara nyingi, na kila mara naona ni pengo ambalo lingezibwa kwa herufi tano.

Hilo halikutokana na uzembe wa wachoraji. Lina historia yake, na historia hiyo ni ya ofisi. Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizokuwa na posta moja, zilipata seti ya picha iliyobeba kichwa cha Mfalme George V. Kulikuwa na jahazi kwenye Ziwa Victoria, simba, Kilimanjaro, daraja la reli la Jinja, na kwenye stempu za senti 1, senti 20 na shilingi 10, korongo wenye taji. Korongo hao walikuwa hapo kama mapambo ya himaya, pamoja na mlima na daraja. Mwenye jina kwenye stempu ile alikuwa mfalme, na hata yeye hakuandikwa, maana sura yake ilitosha.

Uganda ndiyo iliyoanza kubadilisha mambo. Nchi hiyo ina historia ya posta ninayoipenda kuliko zote za kwetu: stempu zake za kwanza, za mwaka 1895, zilipigwa kwa taipureta na mmishenari Ernest Millar huko Mengo, na bei yake iliandikwa kwa hesabu ya kauri. Hazikuwa na picha. Miaka 70 baadaye, Oktoba 1965, Uganda huru ilitoa stempu zake za matumizi ya kila siku, 14 kwa jumla, na zote zilikuwa za ndege. Zilichorwa na Rena Fennessy na kuchapishwa na kampuni ya Harrison kule Uingereza. Korongo-nyangumi, yule ndege wa mabwawa ya mafunjo mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, alipewa senti 50. Korongo mwenye taji alipewa kilele, shilingi 20.

Angalia tofauti ya nafasi. Ndege yule yule aliyekuwa senti 1 chini ya mfalme sasa ndiye ghali kuliko wote, na tayari alikuwa amesimama katikati ya bendera tangu tarehe 9 Oktoba 1962. Lakini Waganda hawakumjua kutokana na bendera. Kwao ni Ŋŋaali, na ukoo wa Ŋŋaali ni mmoja wa koo za Buganda. Ndege huyo ni mzio wao, yaani mwiko wa ukoo: mwenye mzio hamli korongo na humheshimu kama ndugu. Watu waliomwona kwenye bahasha mwaka 1965 walikuwa wanamwona jamaa aliyepandishwa cheo. Jina halikuhitaji kuchapishwa ili wao walijue. Hiyo ndiyo nguvu ya mila ya mzio: picha inakuta jina limeshakaa kichwani.

Sisi Wakenya tulichelewa. Ngao yetu ya taifa ina ndege, ni kweli, lakini ni jogoo aliyeshika shoka, ndege wa uani. Stempu zetu za kila siku zilikuwa za wanyama mwaka 1966, zikafuata kombe na konokono wa baharini mwaka 1971, kisha madini, maua, vipepeo. Jirani zetu Tanzania walikwenda na samaki mwaka 1967 na vipepeo mwaka 1973. Enzi hizo, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977, stempu za kila nchi zilitumika katika zote tatu, hivyo kisheria korongo-nyangumi wa Uganda angeweza kupeleka barua kutoka Nairobi. Ndege wa Kenya kwenye stempu za kila siku za Kenya walingoja hadi 1993, miaka 30 baada ya uhuru.

Zile stempu za viumbe vya baharini za 1971, ambazo pia ni kazi ya Rena Fennessy, zina kisa kinachowasisimua wakusanyaji. Majina yaliyoandikwa ni ya Kilatini. Kwenye stempu ya senti 70 kulikuwa na kosa la herufi: pameandikwa Nautilus pompileus badala ya pompilius. Miaka michache baadaye posta ikaichapisha upya na jina likasahihishwa. Leo mkusanyaji makini huwa na zote mbili, huziweka ubavu kwa ubavu na kumwonyesha mgeni ile herufi moja. Nami ninazo, na ninazithamini. Lakini fikiri juu ya gharama ya kurekebisha herufi moja ya lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote kati ya Vanga na Turkana. Pwani ile ile walikookotwa viumbe hao ina wavuvi wenye majina yao kwa kila kitu kinachotambaa mchangani. Hakuna aliyewauliza.

Sikatai Kilatini. Kinamwezesha mtu wa Nairobi na mtu wa Tokyo kujua wanazungumza juu ya ndege mmoja, na albamu yangu haiwezi kupangwa bila hicho. Ninachosema ni kwamba jina la kitaalamu hukutambulishia ndege, ilhali jina la kienyeji hukupa pia yale ambayo watu wameishi naye. Mfano ulio wazi kabisa umo kwenye stempu ya shilingi 3 ya seti yetu: mlembe, kijindege cha rangi ya kahawia ambacho ungekipita bila kukitazama mara ya pili. Mlembe huwaongoza binadamu kwenye mizinga ya nyuki mwituni, kisha hula nta na mabuu yanayobaki. Hussein Isack wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer, alifanya utafiti miongoni mwa Waborana wa kaskazini na mwaka 1989 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Kwenye maeneo wasiyoyajua vizuri, Waborana waliotafuta asali bila ndege walihitaji wastani wa saa 8.9 kuupata mzinga mmoja. Waliofuatana na mlembe walihitaji saa 3.2. Waborana hao walikuwa wakisoma umbali na uelekeo wa mzinga kutokana na jinsi ndege anavyoruka na kulia. Hayo ni mazungumzo, na yana umri mkubwa kuliko posta yoyote. Stempu inayomwonyesha mlembe bila jina lake la kienyeji imemkata kwenye mazungumzo hayo.

Ulimwenguni kuna waliofanya vingine. Stempu ya kwanza ninayoijua kumweka ndege wa asili wa nchi kwa fahari ni batamaji mweusi wa Australia Magharibi, mwaka 1854, miaka 14 tu baada ya Uingereza kutoa stempu ya kwanza duniani. Lakini ninaofikiria zaidi ni New Zealand. Mwaka 1898 walitoa seti ya picha iliyokuwa na huia kwenye peni 3, kiwi kwenye peni 6, kea na kaka kwenye shilingi 1. Majina yote hayo manne ni ya Kimaori, na walowezi wa Kiingereza waliyakubali hata wakawa hawana mengine. Huia alikuwa ndege mweusi mwenye ncha nyeupe mkiani, na unyoya wake ulivaliwa na watu wa heshima miongoni mwa Wamaori. Mwaka 1901 mwana wa mfalme wa Uingereza alipotembelea visiwa hivyo alivishwa unyoya wa huia kwenye kofia, na kila mtu akautaka. Huia wa mwisho kuonwa kwa uhakika alionwa Desemba 1907. Miaka tisa baada ya stempu.

Ninapoitazama picha ya stempu ile ya peni 3 moyo huniuma, maana inanikumbusha jambo ambalo sisi wakusanyaji hatupendi kulisema: kumchapisha ndege hakumlindi. Korongo mwenye taji, pamoja na bendera yake na shilingi zake 20, aliwekwa mwaka 2012 katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mabwawa anayotagia yanakaushwa kwa kilimo, vifaranga vyake hukamatwa, nyaya za umeme humuua. Marekani walipata njia ya kuiunganisha karatasi na ndege kwa pesa: tangu 1934 mwindaji wa bata lazima anunue stempu ya pekee, isiyotumika kwenye barua, na fedha zake zimenunua mamilioni ya ekari za makazi ya ndege wa majini. Hiyo ni mila ya kiserikali na imefanya kazi. Sisi hatujawa nayo.

Hata hivyo huia ana kitu kimoja ambacho kwarara wa shilingi 100 hana. Ametoweka miaka mingi, na watoto wa New Zealand bado wanamtaja kwa jina walilompa watu wa kwanza kuishi naye. Ukimuuliza mtoto wa shule ya Kawangware yule ndege anayepiga kelele asubuhi ni nani, mara nyingi atakuambia "ni ndege tu." Kitu kinachoitwa "tu" kikipungua, nani atauliza kimekwenda wapi?

Kuna mila nyingine ya stempu za ndege iliyoingia kwetu miaka ya 1980, na hiyo naisema kwa masikitiko. Stempu zilianza kutolewa kwa ajili ya mkusanyaji wa ng'ambo kuliko mtuma barua. Miaka 200 ya kuzaliwa kwake John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa ndege wa Amerika, ilipotimia mwaka 1985, Uganda na Tanzania zilikuwa miongoni mwa nchi nyingi zilizotoa stempu za kumkumbuka, zikiwa na michoro yake ya ndege wa bara lake. Ni michoro mizuri mno. Lakini ndege wa Amerika chini ya jina la Tanzania, wakati furukombe analia Ziwa Victoria na heroe wamejaa Natron! Stempu hizo ninazo kwa sababu mkusanyaji huchukua zote. Nimeziweka ukurasa wa nyuma.

Nikubali upande wa pili wa hoja. Kuna atakayesema Kiswahili chenyewe hakijajipanga: korongo ni jina la ndege wengi mno, wenye taji na wasio na taji, wa mtoni na wa jalalani, hata wale wenye mfuko shingoni wanaokaa juu ya migunga ya barabara ya Mombasa. Ni kweli. Luganda kina neno moja safi, Ŋŋaali, pale ambapo Kiswahili kinaongeza maelezo. Na Nairobi si Lamu. Hapa mtu ana jina la ndege kwa Kikuyu, Kiluhya, Kikamba au Kidholuo kabla hajalijua la Kiswahili. Lakini majina ya Kiswahili yapo, na mengi yana usahihi wa kupigiwa mfano. Soma seti ya 1993 kuanzia senti 50 kwenda juu, kwa sauti: kwezi, zuwakulu, shorobo, mlembe, furukombe, kanga, mdiria, njiwa, keremkerem, chozi, kwera, hondohondo, heroe, kwarara. Keremkerem hula nyuki angani, na jina lake linarukaruka kama yeye. Hondohondo hata hahitaji maelezo. Kinywa kinajaa kama mdomo wake. Maneno hayo yameandikwa kwenye kamusi zetu kwa miaka mingi, yakingoja kutumiwa.

Posta Kuu ya Nairobi iko Kenyatta Avenue, na kwa vijana wengi GPO ni kituo cha kushukia matatu, hawaingii ndani. Hapo hapo jijini, umbali mfupi tu, Makavazi ya Kitaifa yana mkusanyiko mkubwa wa ndege waliohifadhiwa, na kila Jumatano asubuhi, tangu 1971, watu hukutana kwenda kutazama walio hai. Kati ya sehemu hizo mbili mtu anaweza kutumia siku moja: asubuhi amwone mdiria kwenye kijito, mchana amtafute kwenye stempu. Ninawaalika wasomaji wafanye hivyo. Na mkishaipata, iwekeni kwenye ukurasa wa albamu, msiiandike yenyewe, bali chini yake kwa penseli laini andikeni jina la Kiswahili, na pembeni jina la lugha ya nyumbani mliyopewa na wazazi au bibi zenu. Penseli inafutika mkikosea.

Kwa Posta ya Kenya nina ombi moja. Seti ijayo ya ndege ichapishwe na majina yao ya Kiswahili juu ya yale ya Kiingereza na Kilatini. Herufi ndogo zinatosha. Sisi wengine tuna vioo vya kukuzia.